Jina la Safu ya Tatu

Kazi ya Nyemo Chilongani ilikuwa kuzipa namba majina. Kila asubuhi alifika Kituo cha Ubaridi cha mji wa Chilanje saa moja na nusu, akavua viatu kwa sababu sakafu ya kituo ilikuwa na baridi kuliko sakafu zote mjini, akawasha kioo chake cha kompyuta na kuendelea pale alipoishia jana.

Mji wote ulikuwa umekaa juu ya mabomba. Maji ya barafu yalipita chini ya kila nyumba, na kila nyumba ilikuwa na koki yake, ambayo haikufunguliwa na mkono wa mtu. Ilifunguliwa na programu. Miezi ya kawaida koki zote zilikaa wazi na hakuna aliyezikumbuka. Lakini Oktoba na Novemba, joto likipita nyuzi arobaini na mbili, barafu haikuwatosha wote kwa wakati mmoja, na programu ikaamua nani apozwe kwanza na nani asubiri. Watu waliiita Mgawi. Ilikuwa imeandikwa miaka arobaini na moja iliyopita, na kwa kuwa haikuwahi kuharibika, hakuna aliyewahi kuifungua na kuisoma.

Mwaka ule ndipo sheria mpya ilipoanza kazi. Programu yoyote inayoamua jambo juu ya mtu ilipaswa kuandikwa kwa namna ambayo mtu aliyemaliza kidato cha nne angeielewa, na mkazi akiomba, isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa mtaa. Ombi la kwanza Chilanje lilitoka kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, Chedego Malogo, mzee wa miaka sabini na miwili. Mkewe, Mele, alikuwa amefariki Novemba iliyopita, siku ya nyuzi arobaini na nne, ndani ya nyumba ambayo koki yake ilifunguka dakika mia na thelathini baada ya koki ya jirani. Barua ya mwalimu ilikuwa na sentensi moja tu: *Naomba kusomewa sababu.*

Ndiyo maana Nyemo aliletewa Mgawi.

Alipoufungua msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa mara ya kwanza alihisi kama mtu aliyeingia ghala lenye maelfu ya magunia yasiyoandikwa kitu. Mashine hujua aina chache tu za vitu: hii ni namba kamili, hii ni desimali, hii ni orodha ya hivyo viwili. Waandishi wa zamani walikuwa wameridhika na hizo. Kiini cha Mgawi, ile sehemu iliyopanga foleni ya nyumba, kilikuwa mstari mmoja:

*panga: Orodha ya (Namba, Desimali, Desimali) → Orodha ya Namba*

Mashine iliuelewa vizuri sana. Mtu hakuambulia kitu.

Dawa yake ilikuwa lakabu. Lakabu ya aina haibadilishi programu hata chembe. Ni kama mtaa unapoamua kumwita fundi fulani Mrefu. Urefu wake hauongezeki, na akienda kupiga kura atatumia jina lilelile la kitambulisho. Lakini ukimwambia mgeni, "Muulize Mrefu," mgeni atajua amtazame nani. Nyemo aliandika juu ya ukurasa:

*aina Nyumba = Namba*

*aina JotoLaNyumba = Desimali*

Alijua hivyo viwili kwa sababu safu ya kwanza ya ile orodha ilifanana na namba za milango, na ya pili ilipanda na kushuka pamoja na jua. Mstari wa kiini sasa ulianza kusema: nipe orodha ya nyumba, na joto la kila nyumba, na… Hapo alikwama. Safu ya tatu ilikuwa desimali tu. Haikuwa joto, haikuwa ukubwa wa nyumba, haikuwa urefu wa bomba. Alijaribu vyote. Na safu hiyo ndiyo Mgawi aliyoitazama kwanza. Joto la nyumba liliulizwa pale tu nyumba mbili zilipolingana.

Alitafuta nyumba yake mwenyewe. Safu ya tatu ilisema 0.575. Aliishi peke yake, na alikuwa na miaka thelathini na minne.

Alitafuta ya jirani yake, Bi Ndahani, bibi wa miaka themanini na mitatu ambaye naye aliishi peke yake. Ilisema sifuri.

Akavuta karatasi na kalamu, maana mambo mengine hayahitaji kioo. Themanini toa thelathini na nne ni arobaini na sita. Arobaini na sita gawanya kwa themanini ni 0.575. Kwa nyumba yenye watu wengi, Mgawi alijumlisha tu. Nyumba ya jirani wa mwalimu, yenye watoto watatu na wazazi vijana, ilipata nne na ushei. Nyumba ya mwalimu na mkewe, Novemba ile, ilipata 0.2375.

Nyemo aliiweka kalamu chini. Ilikuwa ni miaka. Mgawi alihesabu miaka ambayo kila mtu alidhaniwa amebakiza kabla ya kufika themanini, na akawapoza kwanza wenye mingi.

*

Sheria ilimtaka pia aape kwa sahihi yake kwamba kila jina ni la kweli, na aonyeshe chimbuko la kila kanuni, kwa hiyo alishuka kwenye chumba cha kumbukumbu. Alimaliza siku mbili huko. Alichokipata ni daftari la mihtasari ya mkutano wa wakazi, la mwaka mabomba yalipofukiwa. Mwaka huo joto lilikuwa limeua watoto kumi na saba Chilanje kabla koki ya kwanza haijafunguliwa. Wakazi walikaa wakaamua nani apozwe kwanza siku barafu isipotosha, na katibu wa mkutano akauandika uamuzi kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo kulia:

*Wajumbe wameafikiana watoto wapozwe kwanza, na wengine wafuate kwa kadiri ya umri.*

Chini yake palikuwa na sahihi. Ch. Malogo, Katibu.

Nyemo aliusoma mara tatu. Kwa kadiri ya umri. Kuanzia wapi kwenda wapi? Fundi aliyeandika Mgawi alikuwa ameulizwa na sentensi hiyo, naye akaijibu mwenyewe: anza na mdogo, panda mpaka mkubwa. Kisha akaigeuza kuwa desimali, na desimali ikakaa kimya miaka arobaini na moja.

Alipanda na daftari mpaka ofisi ya mkuu wa kituo. Bwana Masima alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeanza kazi kwa kubeba mabomba begani, na Nyemo alimheshimu. Alisoma ukurasa, akasoma hesabu za Nyemo, kisha akageukia dirisha.

"Umeipa jina gani?" aliuliza.

"Bado, mkuu. Nilifikiri MiakaIliyobaki."

"Na ukiandika Kigezo?"

"Kigezo cha nini?"

"Kigezo tu. Si uongo. Ni kigezo kweli." Alilifunga daftari taratibu. "Sikiliza, Nyemo. Mashine haijali. Ukiiita Kigezo, ukiiita Ndizi, koki zitafunguka vilevile. Tutairekebisha kanuni kimyakimya, wiki ijayo, mimi na wewe. Wazee watapoa mapema. Hakuna atakayekufa kwa sababu ya hilo jina."

"Mwalimu ameomba sababu."

"Mwalimu amemzika mkewe. Unataka kusimama ukumbini umsomee kwamba ni kalamu yake?" Sauti yake haikupanda. "Mji wa watu wanaotazama ndani ya nyumba ya jirani na kujua yeye ni nne na wewe ni sifuri. Umefikiria watakaaje baada ya hapo?"

Nyemo alikuwa amefikiria. Kilichomsumbua ni kwamba kila alichosema Masima kilikuwa cha huruma.

"Ikirekebishwa kimyakimya," alisema mwishowe, "itakuwa mara ya pili kwa fundi kuwaamulia."

Masima alipangusa paji la uso. "Kiapo ni chako, mimi sikiwekei sahihi," alisema. "Kusoma ni Alhamisi."

*

Jumanne mchana alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Malogo kumpelekea barua ya wito, ingawa ingeweza kutumwa. Mzee alikuwa barazani akichambua karanga kwenye ungo. Nyuma yake, kupitia mlango, kilionekana kiti kimoja kilichofunikwa khanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Karibu ukae. Wewe ndiye Chilongani wa kituoni. Nilimfundisha mama yako. Hakupenda hesabu."

"Mpaka leo hapendi."

Alicheka kidogo, akamsogezea kigoda. Walizungumza juu ya karanga, juu ya mvua ambayo haikuja. Kisha mzee akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Wanafunzi walikuwa wakiniuliza, mwalimu, eksi ni nini? Nikawaambia, eksi ni kitu ambacho bado hujakijua, ila umeshakubali kwamba kipo. Umekijua changu?"

"Nimekijua."

"Kinauma?"

Nyemo alifungua mkoba, akatoa nakala ya ule ukurasa wa daftari, akampa.

Mwalimu alivaa miwani. Alianza kutabasamu alipouona mwandiko wake wa ujana, na tabasamu likabaki usoni kwa muda hata macho yalipokwisha kufika mwisho wa mstari. Kisha likaondoka. Alisoma tena, midomo ikicheza.

"Kwa kadiri ya umri," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilimaanisha wazee. Watoto, halafu wazee, halafu sisi wenye nguvu tungoje. Ndivyo tulivyokubaliana. Kila mtu mle ndani alijua." Alivua miwani. "Kulikuwa na joto. Watu walitaka kwenda kuwatazama watoto wao. Niliandika haraka. Nilidhani inaeleweka."

"Fundi alielewa vingine."

"Hakuuliza?"

"Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliuliza."

"Wala sisi hatukumuuliza aliandika nini. Tungemuuliza vipi? Tungeonyeshwa desimali." Aliushika ukurasa kwa vidole viwili, kama kitu chenye moto. "Mele alikuwa kwenye mkutano ule. Alikaa mstari wa nyuma, amempakata kitinda mimba wetu. Aliinua mkono."

Kuku alipita barazani, akadonoa punje, na hakuna aliyemfukuza.

"Mwalimu," Nyemo alisema, "kuna jina jingine ninaloweza kuandika. Kigezo. Sheria haikatazi. Kanuni itarekebishwa, na Alhamisi hakuna atakayefika kwenye huu ukurasa."

Mzee alimtazama namna walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyenyoosha kidole bila kuwa na uhakika.

"Unaniomba ruhusa, binti, au unanibebesha mzigo?"

Jibu lilikuwa wazi kwa wote wawili. Mwalimu aliingia ndani, akakaa huko kwa muda ambao Nyemo aliuona mrefu. Aliporudi alikuwa amefunga karanga kwenye gazeti.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Nami nashukuru kwamba hukuningoja niusikie ukumbini. Yaliyobaki ni kazi yako. Mimi siwezi kukufanyia. Nimekwisha kuandika vibaya mara moja."

Jioni ile Nyemo alirudi kituoni, akakaa mbele ya kioo. Aliandika *aina Kigezo = Desimali* na kuusoma mstari mzima kwa sauti. Ulitiririka vizuri. Ungemfaa mtu asiyetaka kuuliza swali la pili. Akaufuta. Akaandika jina lile jingine, akaweka sahihi ya kiapo chini ya ukurasa, akazima kioo kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo.

*

Ukumbi wa mtaa ulijaa Alhamisi. Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mfupi aliyeitwa Yunisi, alifungua mkutano kwa maneno mawili na kumpa Nyemo nafasi. Msimbo ulionyeshwa ukutani kwa herufi kubwa. Nyemo alisoma mstari baada ya mstari, akieleza kila lakabu ilipotokea: Nyumba ni namba ya mlango wako, JotoLaNyumba ni kile kipimo kilicho juu ya dirisha lako. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengi hawakuwahi kufikiri kwamba kitu hiki kinaweza kusomwa kama barua.

"Na safu ya tatu," alisoma, "aina MiakaIliyobaki ni Desimali. Maana yake ni miaka ambayo mtu anadhaniwa amebakiza kabla ya kufika themanini, ikigawanywa kwa themanini. Nyumba yenye jumla kubwa hufunguliwa kwanza."

Bi Ndahani, aliyekaa mbele na fimbo yake magotini, aliinua mkono.

"Mimi nina ngapi humo, mwanangu?"

"Sifuri, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotimiza themanini."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. "Ndiyo maana," alisema. "Nilidhani bomba langu limeziba. Nimeita fundi mara mbili."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mwanamume mmoja alisimama kuuliza ni nani aliyeamua hivyo, na sauti yake ilikuwa na ukali. Nyemo alifungua daftari la mihtasari. Kabla hajaanza kusoma, Mwalimu Malogo alikuwa amesimama.

"Nipe nisome mimi," alisema. "Mwandiko ni wangu."

Alisoma sentensi yake mbele za watu, bila haraka. Alieleza walichokubaliana siku ile, na alichokiandika, na jinsi hivyo viwili vilivyopishana. Hakujitetea, wala hakulia. Alimtaja mkewe mara moja, kwa jina, na kusema aliinua mkono akiwa ameelewa jambo jingine kabisa. Alipomaliza alibaki amesimama, kana kwamba anangoja kuambiwa akae.

Yule mwanamume mkali alikuwa bado amesimama pia. Alitazama chini. "Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa na miaka mitatu mwaka ule."

"Najua," mzee alijibu. "Ulipoa wa kwanza. Hilo hatukulikosea."

Mkutano ulichukua saa tano. Waliandika kanuni upya, na mara hii waliibishania kila neno. Mtoto ni wa umri gani? Mzee anaanzia wapi? Mgonjwa je, na mjamzito? Mtu mmoja alisema wengine wafuate "inavyofaa," na watu kumi wakamuuliza kwa pamoja inamfaa nani. Wengine walitaka mwalimu aandike tena, ili heshima yake irudi. Alikataa.

"Aandike mwingine," alisema. "Mimi nitakaa hapa niulize maswali."

Na aliuliza, mpaka watu wakachoka naye. Kila sentensi ilipomalizika, Nyemo aliigeuza palepale kuwa lakabu na kuionyesha ukutani, na mwalimu akasoma kwa sauti, na kama kulikuwa na njia mbili za kulielewa jina, akalirudisha. Bwana Masima alikaa karibu na mlango mpaka mwisho. Alipotoka alimgusa Nyemo bega na kusema tu, "Kesho uje mapema. Kuna kazi nyingi." Baadaye Nyemo alisikia kwamba familia mbili zilikuwa zimehama nyumba zilimoishi na wazee wao, baada ya kugombana kuhusu nani alijua nini, na kwamba kwa wiki nzima watu sokoni waliulizana namba zao za zamani, nusu kwa mzaha. Masima hakuwa amekosea kwa yote.

*

Siku ya kwanza ya nyuzi arobaini na tatu ilifika tarehe ishirini na sita Oktoba, saa saba mchana. Nyemo alikuwa nyumbani. Kwenye kioo kidogo kando ya mlango, ambako zamani palikuwa na taa nyekundu tu, pakatokea maandishi: *DakikaZaKusubiri: 95*.

Alijua kwa nini. Hakuwa mtoto, hakuwa mzee, hakuwa mgonjwa, na nyumba yake ndogo yenye kuta nene haikuwa ya moto kuliko nyingine. Aliloweka khanga, akajifunika kichwani, akakaa sakafuni karibu na mtungi. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kumgonga. Alijiambia kwamba hii ndiyo kanuni aliyoisoma na kuipigia kura, na kulikuwa na faraja katika hilo, ingawa si ya kupunguza joto. Alimfikiria Mele Malogo, aliyekaa katika joto kama hili akitazama taa nyekundu isiyosema kitu.

Sauti ilimwita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Nyemo! Uko hai huko?"

Alitoka nje akiwa amefinya macho. Bi Ndahani alikuwa mlangoni kwake, ameegemea fimbo, na kutoka ndani ya nyumba yake ulipita upepo baridi uliofika mpaka uani. Sebuleni walikuwa wamekaa tayari watu sita: fundi baiskeli wa kona ya mtaa na mkewe, wanafunzi wawili wa chuo, mwanamke muuza maandazi, na mwanamume ambaye Nyemo hakumfahamu, aliyekuwa amelala usingizi mzito mkekani.

"Kwako bado dakika ngapi?" bibi aliuliza.

"Sitini na moja, mama."

Bi Ndahani alisogea kumpisha.

"Basi vua viatu," alisema, "na ufunge mlango nyuma yako, baridi inatoka."